Fedha (Ag) ndani ya fuwele: hii laini ya Ag na Ag ni bondi kweli au programu inanichezea?

bint_wete · Jumamosi saa 3:40 usiku

Assalaam alaykum jamani. Naomba msaada wenye kujua kemia, kichwa kimeniganda. Mie mwaka wa pili, chuo kiko Unguja ila nimekuja nyumbani Wete skukuu, nikajua ntakula zangu mikate ya kumimina nilale, kumbe mhadhiri katutilia kazi kwenye gurupu siku ile ile boti inaondoka Malindi. Kila mtu kapewa faili moja la fuwele, aeleze fedha imeungana na nini, na ngapi, na kwa umbo gani.

Langu ni naitreti ya fedha na bipiridini, ile ligandi (molekuli inayoishika metali) ndefu yenye naitrojeni (N) mbili, moja kila ncha. Nimelifungua kwenye Mercury, ile programu ya kutazamia fuwele. Naona Ag ina N mbili, moja huku moja kule, karibu mstari ulonyooka. Hapo sawa, skuli tulisomeshwa fedha na amonia ni mstari, mbili basi. Lakini programu imechora na laini ya tatu, inatoka Ag inakwenda kwenye Ag ya jirani! Nimepima, 2.97 angstromu (kipimo cha umbali wa atomu). Katikati yao hamna kitu, si klorini si oksijeni, ni Ag na Ag uso kwa uso. Sasa zote mbili si chanya? Si zilitakiwa zifukuzane? Mwenzangu mmoja ananambia andika koodinesheni, yaani idadi ya zilizoungana na Ag, ni 3, mwengine ananambia futa hiyo laini andika 2 usijitafutie makubwa.

Na swali la pili la juu yake, kwa nini fedha inaridhika na mbili tu wakati shaba kwenye amonia inachukua nne na bado maji yanakaa juu na chini?

---

pweza_kichwa · saa 3:52 usiku

Programu imechora basi ipo. Kompyuta haina sababu ya kukudanganya dada angu. Andika 3 ukalale

---

mwl_chake · saa 4:30 usiku

Waalaykum salaam mwanangu. Pweza kichwa nakuheshimu lakini hapo umempoteza mtoto wa watu.

Bint Wete, programu haijui bondi. Inachojua ni umbali tu. Inachukua ukubwa wa atomu hii, inajumlisha na ukubwa wa atomu ile, inaongeza kidogo cha kusamehe, kwa kawaida 0.4 angstromu, na atomu mbili zikiwa karibu kuliko hapo inapiga laini, basi, haiulizi elektroni ziko wapi wala chaji ni gani. Ni kama mtu apite barazani aone watu wawili wamekaa bega kwa bega aseme hawa ndugu. Pengine ndugu kweli, pengine baraza ndogo. Na kinyume chake kipo, kuna oksijeni ya naitreti inaivuta fedha kiudhaifu kutoka mbali kidogo na programu haikuichorea kitu kwa kuwa umbali umepita ule mpaka. Kwa hiyo laini isikutishe na kukosekana laini kusikutulize.

Sasa hili la mbili tu. Ayoni (atomu yenye chaji) ya Ag+ ina elektroni kumi kwenye 4d, tabaka lake la d lenye nafasi kumi, imejaa pomoni. Shaba unayoisema wewe ni Cu2+, ina tisa, lile pengo moja ndo linaloifanya ichague umbo, nne karibu na mbili mbali. Fedha d imejaa, hakuna faida yoyote ya nguvu ya ligandi inayopata kwa kukaa mraba au piramidi ya nyuso nne au nyengine yoyote, kwa hiyo upande huo haina upendeleo. Ndo maana ukifungua mafaili kumi ya fedha utaona mbili, tatu, nne, na kwenye kloraidi ya fedha AgCl yenyewe ni sita, imejipanga vile vile kama chumvi ya jikoni. Wanafunzi wangu hilo hawaliamini, wao fedha ni mstari tu kwa sababu mtihani unauliza amonia kila mwaka.

Sasa kama haina upendeleo mbona mbili zinajitokeza mara nyingi? Vitabu vya zamani vinasema haibridi ya sp (obitali, yaani vyumba vya elektroni, s na p kuchanganyika) na wanamaliza. Maelezo ninayoyapenda mie ni haya, obitali ya 4d iliyolala juu ya mhimili ule wa ligandi inachanganyika na 5s iliyo tupu, elektroni zinaondoka kwenye njia ya mhimili zinakwenda kukaa kama mkanda kiunoni. Chukua donge la unga wa chapati ulibonyeze kwa vidole gumba viwili, juu na chini, linatanuka pembeni. Ligandi mbili zinapata njia nyeupe ya kuingia karibu, na ya tatu ikitaka kuingia ubavuni inakutana na ule mkanda wa elektroni. Inaweza kuingia, ila si kwa raha.

Dhahabu inafanya hivyo hivyo kwa ukali zaidi, Au+ ni mbili mbili karibu kila pahala. Fedha ni legelege, ndo uzuri wake na ndo tabu yake.

Hilo la Ag na Ag nawaachia wenye kusoma zaidi, mie nimeishia kusomesha fom siksi.

---

bint_wete · saa 4:41 usiku

Shikamoo mwalimu!! Chapati nimeielewa kuliko lekcha ya saa mbili. Kumbe ile mbili haitoki kwenye sheria, inatoka kwenye kubonyezwa

---

mwl_chake · saa 4:44 usiku

Marahaba mwanangu. Usiandike "kubonyezwa" kwenye kazi lakini.

---

chumba_cha_kiza · saa 5:15 usiku

Mie si mtu wa chuo, nimefanya kazi studio ya picha Mji Mkongwe miaka ile ya picha nyeusi na nyeupe, zama za rola na trei. Nimesoma hapa nikacheka peke yangu maana mambo haya tukiyafanya kila siku bila kujua jina lake. Ile dawa ya kuoshea picha isiendelee kuungua kwa mwanga, wazungu wanaiita hypo, sisi tukiitamka haipo, na kweli ukiizamisha picha mle, ile fedha isiyopigwa na mwanga haipo tena hahaha. Sasa nna swali kwenu. Kuna siku dawa ilituishia, boti haijaleta mzigo, kijana mmoja akasema tutie amonia, alisikia skuli kuwa amonia inayeyusha chumvi ya fedha. Tukatia. Karatasi ikabaki na ukungu wake wa maziwa vile vile na chumba kizima kikanuka mpaka tukakimbia. Kwa nini amonia ilitukatalia?

---

mwl_chake · saa 5:48 usiku

Mzee wangu hili swali ni tamu mno, umenirudisha darasani usiku huu.

Amonia inayeyusha kloraidi ya fedha, na karatasi zenu nyingi zilikuwa na bromaidi. Ni mashindano ya kuvutana. Chumvi inaishika fedha kwa nguvu yake, ligandi inaivuta kwa nguvu yake. AgCl inajiachia kwenye maji kwa kiasi cha 1.8 × 10⁻¹⁰, AgBr kama 5 × 10⁻¹³, AgI kama 8.5 × 10⁻¹⁷, yaani kila ukishuka mshiko unazidi. Amonia mbili zinaivuta Ag+ kwa nguvu ya kama 1.7 × 10⁷. Zidisha, kwa kloraidi unapata kama 3 kwa elfu, ndogo lakini ukitia amonia nyingi inatosha. Kwa bromaidi unapata kama 8 kwa milioni, hapo hata amonia kali inahangaika. Kwa iodaidi sahau.

Sasa haipo yenu, yaani thayosalfeti, inaivuta fedha kwa 2.9 × 10¹³. Zidisha na bromaidi inatoka kama 15. Imepita moja! Inayeyuka bila ubishi. Na sababu ni kwamba thayosalfeti inaishika fedha kwa salfa yake na fedha inaipenda salfa kuliko naitrojeni, tena kuliko oksijeni. Ayoni kubwa lililolegea linapenda ligandi kubwa iliyolegea, mkemia Pearson kaliweka hili kwenye mpango mwaka 1963, ila mwanasayansi Herschel keshaona tangu 1819 kuwa dawa hii inayeyusha chumvi za fedha, kabla hata ya picha zenyewe kuenea.

Na nawaomba nyote humu, ile maji ya fedha na amonia tunayofanyia kioo cha fedha kwenye chupa, ile ya Tollens, musiiweke ikalala. Ikikaa inafanya kitu cheusi kinacholipuka kwa kuguswa tu. Tengeneza, tumia, tia asidi nyepesi, mwaga siku hiyo hiyo. Kuna pahala nimeikuta kabatini na lebo ya wiki iliyopita, nilitoka kwa ncha za vidole.

---

sonara_mdogo · saa 6:02 usiku

kwa hiyo vikuku vya fedha vya bibi vinavyoingia weusi ndo hiyo hiyo salfa? maana wateja wananambia nimewauzia bati

---

mwl_chake · saa 6:05 usiku

Ndo hiyo hiyo. Hewa ina salfa kidogo, fedha inaidaka inafanya salfaidi nyeusi juu juu. Waambie weusi huo si dalili ya bati. Maji ya moto, magadi soda, karatasi ya aluminiamu chini, kikuku kigusane na ile karatasi, weusi unaondoka na fedha inarudi pale pale kwenye kikuku. Nalala mie.

---

mkaa_baridini · Jumapili saa 11:20 alfajiri

Nimeamka na uzi huu, mashaallah. Mie mtoto wa Mkoani, niko Ujerumani huku nasomea mambo ya fuwele hizi hizi, kwa hiyo bint Wete nipe kikombe cha chai nikae.

Faili lako nalijua bila kuliona! Naitreti ya fedha na bipiridini, Ag na Ag 2.97, hiyo ni maarufu. Wanakemia Robinson na Zaworotko waliitoa 1995, kisha Yaghi na Li 1996. Yaghi ndo huyo aliyezaliwa Amman Jordan, 2025 kapewa Nobel ya kemia pamoja na Kitagawa na Robson kwa mambo ya fuwele zenye vyumba ndani. Mhadhiri wako hakukupa faili hilo kwa bahati, kakutegea.

Nikujibu sasa. Tuanze na namba tatu. Kwenye fedha yenyewe, kipande cha chuma cha fedha, atomu na jirani yake ziko 2.89. Ukichukua atomu mbili za fedha zisizojuana, zinazogusana tu kwa ngozi, ule umbali wa van der Waals, unapata 3.44. Yako ni 2.97. Iko karibu mno na ile ya chuma na mbali sana na ile ya kupita njia. Kwa hiyo kusema zimekaa hapo kwa kukosa nafasi tu ni vigumu.

Lakini swali lako la chaji ni la haki. Zote +1, d zote zimejaa, kwa hesabu ya kawaida ya bondi hakuna elektroni ya kuweka katikati, obitali za kuunga zikijaa na za kutengua nazo zinajaa, faida sifuri. Kinachozivuta ni mambo mengine. Wingu la elektroni la hii linatikisika, la mwenzake linaitika, na atomu nzito zenye mawingu makubwa mtikisiko huo si mdogo. Pekka Pyykkö, mkemia wa Finland, ndo kafanya hesabu nyingi za mambo haya, hasa kwenye dhahabu, na kwa dhahabu mvuto huo unafikia nguvu ya bondi ya haidrojeni. Kwenye fedha upo lakini mdogo zaidi. Hiyo mchanganyiko wa 4d na 5s aliyoieleza mwalimu nayo inasaidia kidogo, ule mkanda wa kiunoni si ndo unaelekea upande wa jirani? Nayo naitreti hasi zinazokaa karibu zinapunguza kufukuzana kwa chanya na chanya. Yaani ayoni tupu mbili hewani zisingekaa hivi hata kwa kulipwa.

Kitu cha kutazama kila ukiona Ag na Ag zimekaribiana, uliza je kuna daraja? Chukua asiteti ya fedha, mle asiteti mbili zimezishika Ag mbili kama watu wawili waliobeba jeneza, kila mmoja kashika huku na huku, inatoka pete ya atomu nane. Ag hizo zimekaribiana lakini huwezi kujua zinapendana au zimelazimishwa na asiteti. Yako haina daraja, umesema mwenyewe hamna kitu katikati. Ndo maana watu wanaitaja sana, ni ushahidi msafi kidogo.

Sasa nakupa kazi. Rudi Mercury, ifute ile laini ya Ag na Ag, kisha kuza picha uone mtandao mzima. Halafu irudishe, uone tena. Njoo uniambie.

---

pweza_kichwa · saa 1:10 asubuhi

kwa hiyo nilikuwa sawa 😂 ni 3

---

mkaa_baridini · saa 1:13 asubuhi

Sheikh umepata jibu kwa njia ya wizi. Hilo jibu mpe mtu na AgCl uone, programu itamchorea sita na utamwambia nini. Au mpe AgO, oksaidi ya fedha. Fomula yake utasema fedha +2 hiyo, moja kwa moja oksijeni. Fungua fuwele, utakuta Ag za aina mbili, nusu zina oksijeni mbili kwenye mstari, hizo ni +1, na nusu zina nne kwenye mraba, hizo ni +3, hamna +2 hata ya dawa. Pale umbo ndo lilosema ukweli, fomula ilikuwa inatuzuga. Kwa hiyo laini si takataka, lakini usomwe umbali, utazamwe pembe, uulizwe chaji, ndo useme.

---

chumba_cha_kiza · saa 2:00 asubuhi

Vijana hamuendi kazini? Endeleeni endeleeni, nasoma

---

bint_wete · saa 5:25 asubuhi

Umeme ulikatika na bando likaisha nimekwenda kwa shangazi ndo narudi. Kaka mkaa baridini WALLAHI sikutegemea. Nimeifuta laini, mtandao wote umesambaratika! Vimebaki vijiti tu, Ag, bipiridini, Ag, bipiridini, virefu virefu, kila kimoja peke yake, hakijui mwenzake. Nikairudisha, kila Ag ikawa njiapanda ya njia tatu kama herufi T, na vijiti vikashikana vikawa mtandao unaokwenda pande zote. Kisha nikajaribu kupaka rangi, nikagundua si mtandao mmoja, ni mitatu!! Mmoja umepita ndani ya mwengine bila kugusana, kama madema matatu mtu kayasuka moja ndani ya jengine na huwezi kuyatoa bila kuyakata. Naitreti zimekaa kwenye nafasi zilobaki.

Kwa hiyo nikisema 2 najibu "vijiti", nikisema 3 najibu "madema matatu". Faili moja majibu mawili. Sasa mie naandika lipi??

---

mkaa_baridini · saa 5:40 asubuhi

Haya ndo uliyotegewa dada angu, na umeyaona mwenyewe.

Hao wenyewe walioitoa waliihesabu ile Ag na Ag, ndo maana wakaieleza kama matofali ya T na mitandao mitatu iliyopitana. Ni uamuzi wao, wana sababu, 2.97 bila daraja. Yaghi na Li wakaonyesha pia kuwa naitreti zile zinaweza kutoka zikaingia ayoni nyengine na fuwele likabaki na umbo lake, nayo inatia nguvu kidogo kwenye hoja kuwa kiunzi kinasimama. Lakini mimi binafsi ningekuwa mwangalifu, kusimama kwa kiunzi hakuthibitishi bondi moja moja, vijiti vilivyobanana vizuri navyo vinasimama.

Huku tunaandika 2+1. Mbili za kweli, N na N, kama 2.1 hadi 2.2 angstromu, halafu jumlisha moja, Ag, kwa umbali wake. Msomaji anajua hapo hapo kuwa ya tatu si sawa na mbili za mwanzo. Na taja pembe ya N, Ag, N, usiseme "mstari" ukaacha, ukiipima utaona haifiki 180 kamili.

---

mwl_chake · saa 7:15 mchana

Nimesoma kwa kuchelewa, nimejifunza. Hiyo 2+1 nakwenda nayo darasani Jumatatu. Ila bint Wete usisahau ile oksijeni ya naitreti, ipime na yenyewe uitaje hata kama haina laini, mhadhiri akiwa mkorofi atakuuliza.

---

bint_wete · saa 7:32 mchana

Nimeipima mwalimu, nimeiandika chini ya jadweli. Nimeweka 2+1 na picha mbili, moja na laini moja bila, na sentensi kueleza kwa nini zote nimezitia. Asanteni sana, Mungu awazidishie. Pweza kichwa nawe asante, jibu lako ndo lilomfanya mwalimu asilale

---

pweza_kichwa · saa 7:35 mchana

karibu dada angu, niite na kwenye mtihani

---

sonara_mdogo · saa 9:50 alasiri

nimejaribu magadi na karatasi ya aluminiamu kwenye kikuku cha bibi, kimekuwa cheupe lakini kimenuka yai viza nyumba nzima. ni sawa?

---

mwl_chake · saa 10:05 alasiri

Sawa kabisa, hiyo salfa inatoka. Fungua dirisha.